Kiti Kilichofungwa Juu ya Ekseli

Baba alinunua gari lake la stesheni kule Muthara, kwa mbeba miraa, siku ambayo Mama alikuwa amemtuma kununua ng'ombe wa maziwa. Naanza hapo kwa sababu Mama naye alianza hapo kila alipoisimulia habari hii, na aliisimulia kwa kila aliyeketi jikoni mwake muda wa kutosha kumaliza kikombe cha chai. Ng'ombe hakuja. Lilikuja gari jeupe la Kijapani, refu mgongoni, lenye mlango wa tano nyuma, na ndani halikuwa na kiti ila cha dereva.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimepelekwa nimsukume ng'ombe kwa nyuma akikataa kutembea, maana nilikuwa msichana mnene, mnene kweli, na nyumbani kwetu hiyo ndiyo kazi pekee waliyokumbuka kwamba naiweza. Kaka zangu wawili waliniita lori. Nikikaa kwenye benchi kanisani, walijifanya wanarushwa juu upande wa pili. Mama hakunitukana, ila kila nilipopimwa sare ya shule alishusha pumzi na kumtazama fundi cherehani kwa macho ya kuomba radhi. Baba hakunitukana wala hakunisifu. Tangu nipate akili, neno aliloniambia mara nyingi kuliko yote lilikuwa "sogea".

Kwetu ni Kibirichia, kwenye viazi na baridi. Baba alikuwa mnunuzi wa viazi. Alizunguka mashambani akikusanya magunia na kuyapakia kwenye lori la kukodi. Mtu wa kazi hiyo anahitaji pikapu, na watu walimwambia hivyo mpaka wakachoka. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya tisini, magari yaliyotumika Japani yalikuwa yanamiminika nchini, na Baba alikuwa na rafiki mjini Meru, mchinjaji wa Kiislamu, aliyekuwa amejipatia kigari chekundu kifupi chenye tabo, ile mashine ndogo inayoisukumia injini hewa hadi gari likapiga mluzi. Mchinjaji alimpandisha Baba mara moja tu, wakateremka hadi Nkubu na kurudi. Wiki hiyo Baba hakula vizuri.

Kwa hiyo ng'ombe alikuwa kisingizio, nami sikujua. Kwanza tulisimama Meru mjini kuangalia kigari cha kijani cha karani mmoja. Kilikuwa kisafi, kinanukia kitambaa kipya. Baba alikizunguka, akafungua buti, akasema humo hata mbuzi ataacha miguu nje. Pili tuliangalia stesheni ya mwalimu mkuu mstaafu, iliyokuwa ikilala chini ya turubai, yenye vitambaa vya kufuma juu ya viti. Baba aliiendesha kidogo akairudisha. Alimwambia yule mzee usoni kwamba gari lake limezoea kwenda kanisani na haliwezi kufundishwa kitu kingine. Mzee alicheka kwa adabu, kisha akaanza kulirudishia turubai, akilifunga kamba moja baada ya nyingine. Baba alikuwa ameshaondoka.

Muthara tulilikuta lile jeupe likipakiwa. Miraa hufungwa vifurushi kwa majani ya migomba na lazima ifike mbali kabla haijanyauka, kwa hiyo magari ya kuibeba hutengenezwa kwa ajili ya mbio na mzigo, basi. Viti hung'olewa. Springi za nyuma huongezwa majani ya chuma juu ya majani, hadi gari likiwa tupu linasimama limeinua matako juu. Likishapakiwa hadi darini huketi, na hapo ndipo linaposhika barabara. Mwenye gari, kijana mwembamba mwenye shavu lililojaa majani, alimketisha Baba juu ya vifurushi na kumpeleka kwenye kona. Waliporudi, Baba alishuka akiwa na machozi ya upepo. Hakuinama kuangalia chini ya gari. Hakuuliza kwa nini linauzwa. Alimkabidhi kijana ng'ombe wa Mama, yaani alimkabidhi zile noti ambazo Mama alikuwa amezifunga kwenye leso, pamoja na leso yenyewe.

Kosa lake nalieleza hapa ili lieleweke. Alilijaribu gari likiwa na mzigo wa mtu mwingine ndani, kisha wakaushusha mzigo wakauhamishia kwenye gari jingine, naye akaondoka na gari tupu. Mtu wa Nairobi hawezi kufanya kosa hilo, kwa sababu hajawahi kuliona gari linalouzwa huku linapakiwa.

Tena halikuwa tupu sana, kwa sababu nilikuwamo. Nilikaa nyuma, katikati, juu ya tairi la akiba, nikishikilia pande mbili za bodi. Gari lilikwenda vizuri ajabu. Baba aliimba njia nzima, wimbo wa kanisani aliokuwa akiuharibu maneno, na tulipofika alimwambia Mama kwamba ng'ombe hata angekuwa na matiti kumi asingeweza kupanda mlima namna ile. Mama aliomba leso yake.

Jumapili iliyofuata alimpeleka Mama kanisani. Mama ni mwembamba, hata upepo wa kwetu unamyumbisha. Alikaa palepale nilipokuwa nimekaa, juu ya tairi, na mkeka chini. Kwenye kona ya kwanza ya mteremko mkia wa gari uliruka, ukatua, ukaruka tena, gari likageuka likatazama lilikotoka. Biblia ya Mama ilitoka dirishani ikaangukia shamba la watu. Mama alishuka, akaifuata Biblia, na hakupanda gari hilo tena kamwe. Baba alibaki amesimama barabarani ameshika kiuno, anatazama magurudumu ya nyuma. Sisi watoto, tuliokuwa tunafuata kwa miguu, tulidhani anamshukuru Mungu. Kumbe alikuwa anapiga hesabu.

Siku chache baadaye akalipeleka gari kwa fundi, akarudi nalo likiwa na viti viwili. Kimoja cha mbele, upande wa dereva, kilikuwepo tangu zamani. Cha pili kilikuwa nyuma, peke yake, katikati kabisa, kimefungwa kwa boliti nne juu ya ekseli. Kilikuwa kiti kizuri, cha kitambaa chekundu, kilichotolewa kwenye gari lililopata ajali, na kilikuwa na mkanda wake. Kaka zangu walikikimbilia. Baba aliwafukuza, akanitazama, na kwa mara ya kwanza sikuambiwa nisogee.

"Hiki ni chako," akasema. "Jumamosi tunaenda Embu."

Sijawahi kupewa kitu kikubwa zaidi ya hicho, na nasema hivyo nikijua kilikuwa nini. Usiku ule kaka zangu waliniita lori, nikawacheka usoni. Mimi nilikuwa na kiti.

Tukaanza safari za Jumamosi. Mchinjaji alitusubiri mjini na kigari chake chekundu, wakapigiana honi, wakateremka. Barabara ya Meru hadi Embu ni kona tupu. Inashuka mtoni, inapanda, inashuka tena, migomba huku na majani ya chai kule, na wazee wetu hawa wawili waliikimbia kama watu waliofiwa. Kigari kilishinda kwenye milima. Stesheni ilishinda kwenye kona. Kila tulipoingia kona Baba aliinua macho kwenye kioo, akanitazama, kona ikaisha, akatikisa kichwa kidogo kwa kuridhika. Niliishi kwa ajili ya kile kichwa. Wiki nzima shuleni nilikuwa nakingoja. Niliamini ananitazama aone kama nafurahi, na nikawa nafurahi kwa nguvu, nikikenua meno yote, hata tumbo lilipokuwa linapanda kooni.

Maana nilitapika. Nilitapika Nkubu, nilitapika Chuka, nilitapika kwenye mteremko wa kila mto. Baba hakusimamisha gari. Alinipa mifuko ya plastiki ya sukari na kuniambia niangalie upeo wa macho, mahali ambapo kwenye barabara ile hapapo. Nikajifunza kumeza. Nilikuwa naogopa kwamba akiona nimeumwa sana atamchukua kaka yangu, na kaka zangu wote wawili wakiwa wamekumbatiana hawakunifikia mimi kwa uzito, lakini jambo hilo sikuwa nimeliwaza bado.

Gari likawa linabadilika kila mwezi. Lilipata kabureta la pili. Lilipata bomba la moshi pana lililotangaza kurudi kwetu tukiwa bado ng'ambo ya kilima, ng'ombe wa majirani wakakata kamba. Lilipata matairi mapana, rimu za kung'aa, usukani mdogo wa ngozi. Kila gunia lililotoka shambani lilirudi nyumbani likiwa chuma. Mama alipouliza habari ya ng'ombe, Baba alimwonyesha breki mpya na kumweleza kwa upole namna zinavyofanya kazi. Springi tu ndizo hakuzigusa. Niliwahi kumsikia fundi akimwambia kwamba zile springi ni za mzigo, zibadilishwe, naye akajibu kwamba mzigo anao.

Embu tulifikia mtaa wa Majimbo, kwa dada yake mchinjaji, mama mmoja mkarimu aliyekuwa na nyumba ndogo yenye pazia mlangoni. Alitupikia pilau. Wanaume walikula wakibishana kuhusu gia, mimi nikakaa naye jikoni, na alinijazia sahani bila kunitazama kwa jicho lile ambalo watu hunitazama nalo nikila. Siku moja mchinjaji alitoka nje akanikuta nimeegemea gari. Alinipima kwa macho toka juu hadi chini, bila ubaya, namna anavyompima ndama kabla ya kumnunua.

"Huyu binti anamshinda ndama wa mwaka," akamwambia Baba. "Ndiyo maana unanipita kwenye kona, rafiki yangu. Unakimbia na nyama."

Baba alicheka hadi akashika mlango. Nilicheka pia. Nilidhani ninasifiwa, au niseme niliamua kudhani hivyo. Mchinjaji nadhani alijuta, kwa sababu tulipokuwa tunaondoka alimwambia Baba amnunulie mtoto kiti cha mbele, akae kama watu, na akanifungia kipande cha maini kwenye gazeti. Baba alisema mimi napenda nyuma. Ni kweli nilipenda.

Mwaka uliofuata nilikwenda shule ya bweni. Muhula wa kwanza nilikuwa nikitoka Jumamosi za likizo fupi na safari ziliendelea. Muhula wa pili nikapata homa ya matumbo. Nililazwa, nikatoka, nikalazwa tena, na nilipotolewa mara ya mwisho sketi yangu ilikuwa inashikwa na pini. Nilirudi nyumbani nikiwa msichana mwingine. Wanawake wa kanisani walinishika mikono wakanigeuza. Walisema nimekuwa mrembo, walisema Mungu ana njia zake, mmoja akamwambia Mama kwamba sasa hata posa zitakuja. Mama alitabasamu jioni nzima. Kaka zangu wakabaki kuitazama sahani yangu. Nami nilikuwa na furaha ya kipumbavu. Nilikuwa naingoja Jumamosi nimwonyeshe Baba.

Jumamosi ilifika. Baba alikuwa ameosha gari. Nilitoka nimevaa rinda jipya, nikafungua mlango wa nyuma, nikaketi kwenye kiti changu na kufunga mkanda. Ulibidi uvutwe sana. Baba hakuingia. Alizunguka nyuma, akainama, akaingiza vidole vyake kati ya tairi na bodi, akapima nafasi. Akaingiza na mkono mzima. Akasimama wima akaja dirishani.

"Umeisha," akasema. "Shuka. Hii gari itaruka."

Sikuelewa. Nilimwambia nimepona, daktari amesema nimepona. Akanifungulia mlango. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningepata cha kushika. Nilishuka, akaenda ghalani, akatoka amebeba gunia la viazi mgongoni, gunia la kwetu la kujazwa kupita mdomo na kushonewa kamba juu. Akalikalisha kwenye kiti changu. Akalisukuma likae katikati. Akalifunga mkanda, na mkanda haukuhitaji kuvutwa. Kisha akarudi kule nyuma, akapima tena kwa vidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Ni kichwa kilekile. Ndipo nilipojua kwamba kwenye kioo hakuwahi kunitazama. Alikuwa anautazama mkia wa gari kama umekaa.

"Baki umsaidie mama yako," akasema, akaondoka. Bomba la moshi lilisikika hadi ng'ambo.

Mtu angedhani nilimchukia siku hiyo. Sikumchukia. Nilikwenda jikoni nikala. Nilikula mukimo uliobaki, nikala githeri ya asubuhi ikiwa baridi, nikanywa uji juu yake, na kesho yake nikaendelea. Nilikula nikilia, nikala nikiwa nimeshiba, nikaamka kabla ya wengine nikala viazi vilivyobaki kwenye sufuria vikiwa na majivu. Tumbo langu lilikuwa bado na vidonda vya homa na liliniuma hadi nikajikunja sakafuni, nikitulia nikala tena. Mama alifurahi kwamba nimepata hamu ya chakula. Kaka zangu walirudia kuniita lori, na safari hii neno lilinipa matumaini. Shuleni niliomba makombo ya wenzangu. Wasichana walinisogezea sahani zao kwa miguu, chini ya meza, wakaangalia nitafanya nini, nami nikainama nikazichukua. Sikuwa na aibu. Nilikuwa na kazi.

Likizo ya Desemba nilirudi nikiwa nimejaa, nimepita hata nilivyokuwa zamani. Nilishuka njiani, nikapanda kwa miguu na sanduku langu, nikihema, na nikaliona gari uani. Lilikuwa limeshuka. Matako hayakuwa juu tena. Lilikuwa limelala chini sawasawa, mbele na nyuma, zuri kuliko nilivyowahi kuliona. Baba alikuwa amebadilisha springi. Alikuwa amelinunulia springi laini za gari dogo na shoki za kisasa, na sasa lilishika kona tupu, bila mtu, bila kitu. Alinieleza hayo yeye mwenyewe kwa furaha, akinionyesha kwa mkono, maana hakuwa na mwingine wa kumweleza aliyeyajua mambo ya gari hilo. Nilichungulia ndani. Palikuwa na matundu manne ya boliti, yamezibwa kwa mpira.

Kiti changu nilikikuta kwenye banda la kuku. Kuku mmoja alikuwa ametaga juu yake. Nilimfukuza, nikakaa kidogo humo gizani, nikahisi mayai yakipasuka chini yangu, sikuinuka.

Baba alikimbia na mchinjaji miaka mingine michache. Kisha mchinjaji akafa kwa ugonjwa wa moyo, stesheni ikauzwa vipande, na Mama akapata ng'ombe wake alipokuwa hana tena nguvu za kumkamua. Mimi nikafungua duka la dawa za mifugo Embu na nikapanga nyumba Majimbo, si mbali na ile yenye pazia mlangoni. Sikuolewa. Mwili wangu umepanda na kushuka, na nimeacha kuuhesabu.

Nilipoanza kuwa na uwezo, nikanunua gari. Nilijua ninalotaka. Muuzaji alinipeleka kwenye vigari vya rangi ya waridi akanieleza habari ya nafasi ya mkoba; nikamwomba aniinulie lile jeusi fupi lenye tabo nilione kwa chini. Nililala kwenye kadibodi nikakagua springi mwenyewe, kwa kidole, moja moja. Nikalijaribu likiwa tupu, na nikakataa kabisa muuzaji aketi nyuma. Baadaye nikaliboresha: breki kubwa, matairi, springi fupi ngumu, na chuma kinachokatiza buti upande hadi upande kukaza bodi. Mbele ni raha. Nyuma mtu hawezi kukaa bila kuumia mgongo, kila jiwe dogo analipata. Hilo nililijua nilipokuwa nikilipia.

Mwaka jana Baba aliugua tumbo na akatakiwa kuja Embu kwa daktari. Kaka zangu walikuwa na shughuli. Nilikwenda Kibirichia kumchukua. Alikuwa amekwisha, mifupa na kofia, na koti lake lilikuwa linatembea upande mmoja naye upande mwingine. Mama, namna akina mama wa kwetu wasivyomwacha mtoto arudi mjini mikono mitupu, alikuwa amenitayarishia gunia la viazi. Buti halina nafasi kwa sababu ya kile chuma. Nikalikalisha gunia kwenye kiti cha mbele. Gari la siku hizi likihisi uzito kitini hupiga kelele hadi ufunge mkanda. Halijui tofauti ya mtu na viazi. Nikalifunga. Baba nikamfungulia mlango wa nyuma.

Hakubisha. Alijikunja akaingia, nikaondoka.

Nilikwenda mwendo wangu. Kila kona niliinua macho kwenye kioo nikamwona akipanda na kushuka, mkono mmoja tumboni, mwingine ukitafuta pa kushika. Wala sikuona huruma. Niliona raha, raha chafu inayopasha moto masikio, na nilijua ni chafu na sikutaka iishe. Lakini nilikuwa pia na swali. Nilikuwa nalo tangu lile banda la kuku, na nilikuwa nimejitengenezea jibu ambalo lilinisaidia kulala: kwamba viazi vilikuwa vimejaa ghalani tangu siku ya kwanza, mtu wa viazi hakosi uzito, kwa hiyo kama alinichagua mimi, basi lazima kulikuwa na kitu. Hata kidogo. Kabla ya Nkubu nikamuuliza.

"Baba, kwa nini hukuweka gunia tangu mwanzo? Kwa nini uliniweka mimi?"

Alifikiria. Aliliwaza swali kwa haki, nikamwona kwenye kioo akilirudia midomoni, na moyo wangu ukaanza kwenda mbio kama wa msichana.

"Viazi vinaibiwa," akasema. "Gunia ukiliacha kwa gari pale Majimbo, ukirudi hakuna. Wewe nani angekubeba?"

Akacheka. Alicheka hadi kikohozi kikamshika, akafuta macho kwa ukingo wa kofia. Hakuwa ananitukana. Alikuwa ananikumbusha enzi zetu, na alidhani nitacheka naye, kwa sababu zamani nilicheka. Iliniuma. Mwanamke mzima, mwenye duka, mwenye gari la tabo, iliniuma palepale, na lile jibu langu la kulalia likaisha.

Nkubu aliomba kushuka kujisaidia. Nilimngojea injini ikiwa inanguruma. Alirudi taratibu akijishikilia kwenye bodi, akapita mlango wa nyuma, akaja hadi wa mbele na kushika kitasa. Alichungulia dirishani.

"Nihamishe hapa mbele," akasema. "Huko nyuma kunaniua. Hili gunia ni jepesi, liweke huko."

"Hapa pana mtu," nikamwambia, nikanyoosha mkono nikakaza mkanda wa gunia.

Alisimama kidogo ameshika kitasa. Kisha akakiachilia, akarudi nyuma, akajikunja, akaingia.